Kikohozi Cha Wiki Mbili Si Vumbi Tu: Chanuka Mapema Kuhusu TB, Na Venye Utapimwa Ukiwa Thika Ama Ruiru

Saa kumi na moja asubuhi, steji ya Ruiru. Mathree ya kuenda tao imejaa, madirisha yote yamefungwa juu ya baridi, na kuna msee huko nyuma anakohoa. Anakohoa tena. Hakuna anayeshtuka. Konda anaitisha fare, dere anaongeza sauti ya ngoma, maisha yanaendelea.

Sasa jiulize swali moja. Huyo msee wa nyuma akiwa ni wewe, umekohoa kwa muda gani?

Wengi wetu hatujui. Tunasema "ni kamuda tu." Tunasema ni vumbi ya mjengo, ni baridi ya Julai, ni ile sigara ya wikendi. Tunapita kemisti, tunanunua dawa ya kikohozi ya chupa, tunarudi kwa hustle. Mwezi unaisha. Suruali inaanza kulegea kiunoni na mabeshte wanasema umekuwa slim fiti. Unacheka. Lakini huenda hiyo si slim fiti. Huenda ni kifua kikuu, yaani TB, na kila siku unayongoja inakula mapafu yako polepole na kutafuta mtu mwingine wa kuingia.

Hii story si ya kukutisha. TB inatibika na inapona. Ngori ni kuchelewa. Kwa hivyo tulia dakika chache usome hadi mwisho, juu hii inaweza kuokoa wewe, mathe, ama yule mtoto mnaishi naye kwa keja moja.

Mbona hii inatuhusu sisi wa Thika Road?

Kuna watu bado wanadhani TB ni ugonjwa wa zamani, ama ni wa wazee wa mashambani, ama lazima uwe na virusi vya HIV ndio uipate. Zote tatu ni uongo.

Kati ya 2015 na 2016 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa nchi nzima. Watu zaidi ya 63,000 walipimwa. Ilipatikana kwamba kwa kila watu wazima 100,000, karibu 558 walikuwa na TB ya mapafu. Mjini kulikuwa na TB zaidi kuliko mashambani. Wanaume walikuwa wengi zaidi ya mara mbili ya wanawake. Na hii ndio ya kushangaza: katika wale waliopatikana na TB, karibu 83 kwa kila 100 hawakuwa na HIV. Tena, wengi wa waliokuwa na dalili hawakuwa wameenda hospitali.

Sasa angalia maisha yetu. Makongeni, Kiandutu, Kihunguro, Githurai, Kimbo. Keja moja watu wanne, dirisha moja, na hilo dirisha limezibwa na gunia juu ya baridi. Viwanda Thika ambapo watu wanachapa kazi shifti usiku, bega kwa bega. Machimbo ya mawe huko Juja na Ndarugo ambapo vumbi ya jiwe inaingia kifuani kutwa nzima. Mathree, baze, chumba cha shisha kilichofungwa mapazia hata baada ya serikali kupiga shisha marufuku Desemba 2017. TB inapenda mahali kama hapo: watu wengi, hewa kidogo.

TB inaingiaje mwilini?

TB inaletwa na bakteria. Daktari Mjerumani anaitwa Robert Koch ndiye alitangaza kuipata tarehe 24 Machi 1882, na ndio maana siku hiyo ni Siku ya TB Duniani.

Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiimba ama hata akiongea, anatoa vitone vidogo sana ambavyo macho hayaoni. Hivyo vitone vinaelea hewani. Ukivivuta, bakteria inashuka hadi chini kabisa ya mapafu. Hapo askari wa mwili wako wanaizunguka na kuifungia, kama polisi wamezingira ploti. Watu wengi wanabaki hivyo maisha yao yote. Bakteria iko ndani lakini imelala. Hawaumwi na hawaambukizi mtu.

Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa hivyo. Kati yao, 5 hadi 10 kwa kila 100 ndio wataugua siku moja. Ulinzi wa mwili ukipungua, bakteria inavunja ukuta na kutoka. Mambo yanayoushusha ulinzi ni kukosa chakula cha maana, HIV isiyotibiwa, ugonjwa wa sukari, pombe nyingi, sigara, na vumbi ya mawe kwa wale wa machimbo.

Na hapa tuondoe uongo wa mtaa. TB haipitii kwa kushikana mikono. Haipitii kwa kikombe, sahani, choo, ama nguo. Hujaipata kwa kula na mgonjwa. Unaipata kwa kupumua hewa moja naye, kwa muda mrefu, mahali pasipo na hewa ya kutosha. Kwa hivyo yule mtu wa kwenu anayetengewa sahani yake anaumizwa moyo bure, wakati kitu cha maana kilikuwa ni kufungua dirisha.

Dalili za mapema: soma polepole hapa

TB haiji na kelele. Haikuangushi siku moja kama malaria. Inakuja pole pole, ndio maana inatudanganya. Hizi ndizo za kuangalia:

*Kikohozi kisichoisha.* Zamani tulikuwa tunaambiwa tungoje wiki mbili. Siku hizi hospitali za Kenya wakikuuliza maswali ya TB wanauliza kuhusu kikohozi cha muda wowote. Lakini wewe kichwani weka hii: kikifika wiki mbili, hakuna tena mjadala. Inaweza kuwa kikavu mwanzo, halafu kianze kutoa makohozi.

*Jasho la usiku.* Si lile la joto la Januari. Ni lile unaamka saa nane usiku, fulana imelowa, shuka limelowa, na nje kuna baridi.

*Homa ya jioni.* Mchana uko fiti, jioni mwili unapata joto na baridi ya ndani. Watu wengi wanaiita malaria, wanameza dawa za malaria bila kupimwa.

*Kupungua uzito bila sababu.* Hujaanza gym, hujakosa chakula, lakini mshipi umeongeza tundu. Hamu ya kula pia inaisha.

*Kuchoka.* Ngazi za ploti unazozipanda kila siku zinaanza kukushinda. Mzigo uliokuwa unabeba kama mchezo sasa unakaa chini kupumzika.

*Maumivu ya kifua,* sana sana ukivuta pumzi ndani ama ukikohoa.

*Damu kwenye makohozi.* Hii si dalili ya mapema. Ukifika hapa umechelewa kidogo, lakini bado unapona. Usingoje kesho. Damu ikiwa nyingi, ama pumzi ikikatika, hiyo ni ya kukimbizwa kasualti saa hiyo hiyo.

Si lazima uwe nazo zote. Katika ule uchunguzi wa 2016, wengi waliopatikana na TB hawakuwa na kile kikohozi cha wiki mbili tunachokijua. Ukiwa na moja tu na haiishi, kapimwe. Na ikiwa unaishi na mtu aliyepatikana na TB, kapimwe hata kama huna dalili yoyote.

Watoto ni tofauti kidogo. Mtoto mdogo anaweza kukosa hata kikohozi cha maana. Unaona tu haongezi uzito, hachezi, analia lia, homa inarudi rudi. Usimpuuze.

Mtego wa kemisti

Hapa ndipo wengi wanapoteza miezi. Unaenda kemisti, unasema "niko na kikohozi." Unapewa sirapu na antibayotiki ya siku tano. Unapata nafuu kidogo. Wiki moja baadaye kinarudi. Unaenda kemisti nyingine, unapewa antibayotiki nyingine yenye nguvu zaidi.

Shida ni hii: kuna antibayotiki ambazo zinaweza kutuliza TB kwa muda bila kuimaliza. Zinaficha moto lakini makaa bado yako chini. Zaidi ya hapo, ukipimwa kati kati ya hizo dawa, kipimo kinaweza kukosa kuona kitu. Doh ya sirapu tatu na antibayotiki mbili imeisha, na kumbe kipimo cha TB ni bure kwa hospitali ya serikali.

Kwa hivyo sheria rahisi: kikohozi kikirudi baada ya dawa ya kwanza, usinunue ya pili. Nenda hospitali.

Sasa, unapimwaje?

Ukiwa Thika, kuna Thika Level 5. Ukiwa Ruiru, kuna Ruiru Level 4. Zote mbili zina kliniki ya TB. Kama uko mbali nazo, anza na kituo cha afya cha serikali kilicho karibu na wewe. Kituo kidogo kikikosa mashine, kinachukua makohozi yako na kuyatuma kwa mashine ya karibu, wewe unarudia majibu. Unaweza pia kuongea na mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu. Serikali ilizindua zaidi ya 100,000 wao nchi nzima Septemba 2023, na kukuelekeza kupimwa TB ni moja ya kazi yao.

Ukifika, usijizungushe. Usiseme "ni kahoma tu." Sema hivi: "Daktari, nimekohoa wiki tatu, usiku natoa jasho na nimepungua uzito. Nataka kupimwa TB." Hiyo sentensi moja inakuokolea safari mbili.

Utaulizwa maswali: umekohoa tangu lini, unaishi na nani, kuna mtu kwenu aliwahi kutibiwa TB, wewe mwenyewe uliwahi, unafanya kazi gani. Sema ukweli wote, hata kama ulianza dawa zamani ukaziacha. Hiyo ndiyo muhimu zaidi kusema.

Kisha unapewa kakikombe ka plastiki kenye kifuniko. Hapa wasee wengi wanakosea. Wanatema mate. Mate hayasaidii. Kinachohitajika ni makohozi ya kutoka ndani ya kifua. Fanya hivi:

1. Suuza mdomo na maji kwanza, chakula kitoke.
2. Nenda nje, mahali penye hewa, mbali na watu. Usifanyie chooni wala ndani ya ukumbi wa wagonjwa.
3. Vuta pumzi ndani kabisa, ishikilie kidogo, achilia. Rudia mara mbili tatu.
4. Kohoa kutoka chini kifuani, kisha tema ndani ya kikombe bila kuchafua nje.
5. Funga vizuri, rudisha, nawa mikono.

Makohozi ya asubuhi ukiamka tu huwa mazuri zaidi, kwa hivyo ukipewa kikombe uende nacho nyumbani, usione ni usumbufu.

Hayo makohozi yanaingia kwa mashine inayoitwa GeneXpert. Inatafuta alama za bakteria yenyewe na inatoa majibu kwa karibu saa mbili ikishaanza kazi. Tena inaangalia kama TB yako inasikia dawa kuu inayoitwa rifampicin, ama imekuwa sugu. Foleni na usafirishaji ndio vinaweza kufanya ungoje hadi kesho yake ama siku kadhaa. Unaweza pia kutumwa eksirei ya kifua. Hiyo uliza kwanza bei, juu si kila mahali ni bure. Watoto wasioweza kutoa makohozi wanaweza kupimwa kwa kutumia choo chao.

Na usishtuke ukiambiwa upimwe HIV pia. Kila mtu mwenye TB Kenya anaombwa kupimwa, si wewe tu. Ni juu matibabu yanapangwa pamoja.

Ukiambiwa huna

Poa, lakini usitupe hiyo karatasi ukaishia. Kama bado unakohoa, kuna kitu kinaleta. Inaweza kuwa nimonia, pumu, madhara ya sigara, ama vumbi ya mawe imeanza kukaza mapafu. Wale wa machimbo sikilizeni vizuri: mapafu yaliyoharibiwa na vumbi ya mawe yanashikwa na TB kwa urahisi zaidi. Mwambie daktari kazi yako. Na kipimo kinaweza kukosa TB mara ya kwanza, kwa hivyo dalili zikiendelea, rudi.

Ukiambiwa unayo

Vuta pumzi. Hiyo si hukumu. TB isiyotibiwa inaua karibu nusu ya wanaoipata. TB inayotibiwa, karibu 85 kwa kila 100 wanapona. Tofauti ya hizo namba mbili ni wewe kumeza dawa.

Dawa za TB ya kawaida ni za miezi sita. Miezi miwili ya kwanza unameza dawa nne zilizounganishwa, miezi minne inayofuata unameza mbili. Kwa kliniki za serikali ni bure. Makohozi yanapimwa tena njiani kuona kama zinafanya kazi.

Mambo ambayo afadhali uyajue mapema:

Mkojo, jasho na hata machozi yanaweza kugeuka rangi ya chungwa. Si damu, ni rangi ya dawa. Usikimbie.

Kama unatumia tembe ama kipandikizi cha kupanga uzazi, siz, mwambie daktari. Rifampicin inapunguza nguvu ya baadhi ya hizo njia na unaweza kujipata na ball bila kupanga.

Pombe iweke kando. Dawa hizi zinapitia ini, na pombe inapitia hapo hapo. Macho yakiwa ya manjano, ukitapika sana, macho yakianza kuona ukungu, ama vidole vikifa ganzi, rudi kliniki upesi. Usiache dawa kimya kimya.

Halafu kuna mtego mkubwa kuliko wa kemisti. Baada ya wiki chache, unaskia uko fiti. Kikohozi kimeisha, uzito umerudi, boss anakuitisha kazini. Unaanza kuruka siku. Kisha unaacha. Bakteria zilizobaki ni zile ngumu, na zikirudi zinaweza kuwa sugu. TB sugu ni dawa nyingi zaidi, madhara zaidi, na inaambukizwa ikiwa hivyo hivyo sugu kwa watu wa kwenu. Miezi sita ni miezi sita.

Wiki za kwanza vaa maski, fungua madirisha, lala chumba chako kama inawezekana, funika mdomo ukikohoa. Kwa wengi, baada ya karibu wiki mbili za dawa zinazofanya kazi, uwezo wa kuambukiza unashuka sana. Bila matibabu, mtu mmoja anaweza kuambukiza wengine 5 hadi 15 kwa mwaka, na wa kwanza ni wale unaolala nao nyumba moja. Wapeleke wote wapimwe. Wale wasio na TB, sana sana watoto wadogo na wanaoishi na HIV, wanaweza kupewa dawa ya kuzuia isiwaamkie.

Kazi na aibu

Najua kinachokuzuia si kikombe cha makohozi. Ni kazi. Ukikosa siku moja shifti inapewa mwingine. Ni dem ama chali atasema nini. Ni landlord.

Kuhusu kazi, jua hii: Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya angalau siku saba za ugonjwa na mshahara kamili, kisha saba na nusu mshahara, kwa mwaka, ukileta barua ya daktari. Kwa hivyo itisha hiyo barua kabla utoke hospitali.

Kuhusu aibu, kulikuwa na wakati Kenya ilikuwa inafunga watu jela kwa kuacha dawa za TB. Mwaka 2010 wanaume wawili walitupwa jela Kapsabet, ndani ya vyumba vilivyosongamana, mahali pabaya zaidi kwa mtu mwenye TB na kwa wote aliofungwa nao. Kesi ilifika mahakama kuu, na tarehe 24 Machi 2016, Siku ya TB yenyewe, Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwafunga hivyo kulikiuka katiba. TB ni ugonjwa, si makosa. Kama mahakama imesema hivyo, wewe unajihukumu kwa nini?

Kabla hujafunga simu

Hesabu. Kikohozi chako kilianza lini? Kama hukumbuki, hiyo yenyewe ni jibu. Amka kesho mapema, shuka steji ya hospitali badala ya kupita, omba kikombe. Ukipatikana huna, umepoteza asubuhi moja. Ukipatikana unayo, umeokoa mapafu yako na ya kila mtu kwa hiyo keja.

Na leo jioni ukiwa kwa mathree, hata kama kuna baridi, fungua hilo dirisha kidogo. Mwenye kulalamika, mwambie ulisoma mahali.